Kumfundisha mtoto mwenye usonji nyumbani: tulivyofanya sisi hapa Kirumba, Mwanza, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa mzazi ambaye wiki hii katoka hospitali kaambiwa mtoto wako ana usonji, kapewa tarehe ya kurudi, alafu kapanda daladala na mtoto mgongoni hajui kesho asubuhi aanzie wapi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Mwanangu saivi ana miaka 8, ana maneno kama 30 hivi na kadi za picha nyingi, anavaa kaptula mwenyewe, anakaa mkekani anakula na wenzake. Tulivyoanza alikuwa na miaka 3 na nusu, hana neno hata moja, na anagonga kichwa ukutani mpaka kinavimba. Hela ya mtaalamu wa kuja nyumbani kila siku hatukuwa nayo, kwa hiyo kazi kubwa tumeifanya wenyewe, sebuleni na uani, tunaelekezwa tukienda kliniki alafu tunarudi tunajaribu, tunakosea, tunarudia.

Kitu kimoja ukishike kabla hujaendelea: ile tabia inayokutoa machozi ndo namna mtoto wako anavyoongea kwa sasa. Ukimfundisha namna nyingine ya kusema kitu kilekile, ile ya zamani inapungua maana haina kazi tena. Yote nitakayosema chini yanatoka hapo.

Kabla hujaanza

Kapime masikio. Mtoto asiyeitika jina lake inaweza ikawa usonji, inaweza ikawa hasikii, na inaweza ikawa vyote viwili, na huwezi kujua kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa chake kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Mwambie pia daktari kama ana degedege au anaganda ghafla macho yanatazama pembeni, maana kifafa kinatokea sana kwa watoto hawa na mara nyingi kinadhibitiwa kwa dawa. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa rufaa nyingi zinaishia hospitali ya Bugando hapa Mwanza, ila anzia hospitali ya karibu upate barua, na nenda na video ulizorekodi kwa simu, video 3 au 4 fupi, anavyocheza, anavyokula, anavyolia. Daktari anamuona mtoto dakika chache tena akiwa ameshtuka na chumba kigeni, wewe unamuona siku nzima.

Na usipoteze miaka kutafuta nani kamloga au wewe ulikosea wapi. Usonji ni ubongo kukua tofauti, unaanza mapema sana. Hausababishwi na malezi, wala na chanjo: ule utafiti wa daktari Mwingereza Andrew Wakefield wa mwaka 1998 uliotisha watu na chanjo ya surua ulikuja kufutwa na jarida lenyewe lililouchapisha mwaka 2010. Chanja mtoto wako.

Utasikia pia kwamba bila masaa 40 ya mafunzo kwa wiki hamna kitu. Hiyo namba inatoka kwa mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Marekani, utafiti wake wa mwaka 1987, watoto 19 walifundishwa masaa 40 kila wiki, akaripoti 9 kati yao walifika kusoma darasa la kawaida. Watu wakashika namba wakasahau kwamba kipindi kile walikuwa wanamkaripia mtoto kwa nguvu na hata kumpiga kofi la paja, na watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hiyo wamesema wazi kwamba yaliwaumiza. Siku hizi hata Shirika la Afya Duniani wana mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na msingi wake ni kutumia michezo na kazi za kila siku za nyumba. Yaani kuchambua dagaa ni somo, kuoga ni somo. Mimi nilianza na robo saa asubuhi na robo saa jioni, mengine yote yakaingia humohumo kwenye shughuli.

Hatua ya 1: wiki nzima andika tu, usifundishe kitu

Nunua kaunta buku. Chora safu tatu: nini kilikuwepo kabla, mtoto kafanya nini, nini kilifuata baada ya hapo. Andika na saa. Usiandike "kasumbua", andika "kagonga kichwa mara 5 ukutani karibu na mlango". Usiandike "bila sababu", hamna bila sababu, kuna sababu hujaiona.

Sisi baada ya siku 6 tulikaa chini mimi na baba yake tukasoma. Kugonga kichwa kulikuwa karibu kila siku kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Safu ya kwanza: tumemwita kuoga. Safu ya tatu: bibi yake kamnyanyua kampeleka barazani kampa ndizi. Kumbe mtoto alikuwa ameshatufundisha sisi! Ukigonga kichwa huogi, alafu unapata ndizi, na unapata bibi. Hakuwa mkorofi, alikuwa ametafuta njia na njia ikafanya kazi.

Ukisoma daftari lako utaona sababu zinaangukia sehemu nne: anataka kitu, anakimbia kitu, anataka mtu amwangalie, au mwili wenyewe unamwambia (kelele, lebo ya shati inamkwaruza, maumivu, au tu raha ya kuzunguka). Hiyo ya mwisho uiangalie sana. Tabia ikibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, usianze kufundisha, angalia jino, sikio, tumbo kujaa, homa. Mtoto asiye na maneno hawezi kukwambia jino linauma, atajipiga shavu.

Hatua ya 2: jua anapenda nini kweli

Siyo unachodhani anapenda. Mwekee vitu vitano sita mkekani, kaa pembeni, angalia mkono unaenda wapi. Wangu alikuwa anapenda maji yanayomiminika kutoka kwenye kikombe, vifuniko vya soda, muhogo wa kukaanga, na kurushwa juu na baba yake. Orodha hiyo ndo mtaji wako. Ukishaijua, baadhi ya hivyo vitu viweke mahali anapoviona ila hafiki, juu ya kabati au kwenye kopo la uwazi lenye kifuniko kigumu. Chakula chake cha kawaida na maji ya kunywa usivifungie kamwe, hivyo ni haki yake, nazungumzia vile vya ziada tu.

Hatua ya 3: mfundishe kuomba (hapa kaa sana)

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu fanya hii. Watu wengi wanaanza na "sema A, sema mama, nitazame", mtoto anachoka mama anachoka. Anza na kuomba, kwa sababu akiomba anapata, na akipata anaona faida ya kuwasiliana na binadamu.

Sisi tulitumia kadi. Njia hii ya kubadilishana picha ilianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani mwaka 1985 na uzuri wake haihitaji mtoto ajue kuongea wala kuiga. Nilipiga picha muhogo, kikombe na vifuniko vyetu wenyewe kwa simu, steshenari wakanichapia, nikabandika kwenye vipande vya maboksi ya dukani nikazungushia selotepu pana. Picha ya kitu chenu halisi ni bora kuliko mchoro wa mtandaoni, mwanangu hakujua tufaha jekundu ni nini, alijua muhogo.

Mnahitaji kuwa watu wawili mwanzoni, na hili wengi wanaliruka. Mmoja anakaa mbele ya mtoto ameshika muhogo, anauonyesha, haongei, hasemi "unataka nini?". Mwingine anakaa nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua muhogo, wa nyuma anaushika ule mkono taratibu, anausaidia kuokota kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Kadi ikigusa kiganja tu, wa mbele anasema "muhogo!" kwa furaha na anampa kipande PALEPALE, siyo baada ya sekunde 10, siyo baada ya "sema asante". Kipande kidogo kama ukucha, ili aombe tena. Wa nyuma hasemi neno lolote muda wote, yeye ni mikono tu. Na mtoto akivuta mkono wake hataki kushikwa, mwachie, jaribu tena badae.

Kila raundi wa nyuma anapunguza: leo anashika mkono mzima, kesho anashika kiwiko, keshokutwa anagusa bega, alafu anakaa tu. Sisi ilichukua siku 11 mpaka siku aliyookota kadi mwenyewe akatembea mpaka jikoni akaniwekea mkononi nikiwa nasonga ugali. Nilizima jiko nikakaa chini nikalia, muhogo nao nikampa wote.

Mama mkwe wangu, Msukuma wa Magu, siku za kwanza alikuwa ananiambia "Mayu (yaani mama), mtoto ana njaa wewe unataka akupe kikaratasi?" Sikubishana naye. Nilimwomba yeye ndo awe wa mbele, mwenye muhogo, kwa sababu mtoto alikuwa anampenda sana. Baada ya wiki mbili alikuwa anawaonyesha majirani.

Usiogope kwamba kadi zitamzuia kuongea. Kila unapopokea kadi unataja neno, na wangu neno la kwanza kabisa lilikuja akiwa ameshika kadi ya maji, "maj". Wengine maneno hayaji na wanaendelea na kadi au simu yenye picha, hiyo nayo ni lugha.

Kadi ya pili tuliyoifanyia kazi ilikuwa "BASI", yaani acha, inatosha, yenye picha ya mkono mwekundu. Siku ya kwanza saa ya kuoga tulimmwagia maji mguu mmoja, kabla hajaanza kugonga kichwa tukamsaidia kutoa kadi ya basi, tukaacha kuoga palepale, dakika moja, alafu tukarudi kidogo. Watu walituona vichaa, eti mnamfundisha kukataa. Ndiyo. Mtoto anayejua kusema basi na akasikilizwa hahitaji ukuta. Polepole tukaongeza, miguu, mikono, tumbo, kichwa mwisho kabisa, na tukagundua tatizo lilikuwa maji baridi kichwani, tukaanza kupasha. Miezi miwili hivi kugonga kichwa kukashuka kutoka kila jioni mpaka mara moja moja kwa wiki, najua kwa sababu niliandika.

Hatua ya 4: kazi ndogo, ianzie mwishoni

Chukua kazi moja, mfano kunawa mikono. Ivunje: fungua koki au inamisha jagi, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, futa. Wewe msaidie zote isipokuwa ya mwisho, kufuta, hiyo afanye mwenyewe alafu zawadi na makofi. Akiiweza, muachie mbili za mwisho. Unarudi nyuma hivyohivyo. Faida yake kila siku anamaliza kwa ushindi. Ukianzia mwanzo anaanza vizuri anachoka katikati mnaishia ugomvi.

Kaptula, kandambili, choo, zote tulifanya hivyo. Choo kilituchukua karibu mwaka, sitakudanganya.

Zawadi isiwe chakula siku zote, na ianze kupungua akishaweza, ila furaha yako isipungue. Na fundisha kitu kimoja au viwili kwa wakati. Mimi niliwahi kuanza vitano kwa pamoja nikaishia kumpigia kelele, wiki nzima tukarudi nyuma.

Kwanza, halafu

Kipande cha boksi, kushoto picha ya kazi, kulia picha ya anachopenda. Kwanza kuvaa, halafu maji. Ukisema halafu maji, yawepo maji. Ukimdanganya mara mbili boksi hilo litupe maana halina maana tena. Siku zikibadilika, mfano wageni wanakuja au tunaenda Nyegezi stendi, namwonyesha picha usiku na asubuhi tena. Mengi tuliyokuwa tunaita ukorofi ilikuwa ni kushtukizwa tu.

Hatua ya 5: siku anayolipuka

Atalipuka. Tena ujue hili mapema: ukiacha kumpa kitu kwa ajili ya kelele, kelele zitaongezeka KWANZA kabla hazijapungua. Ni kama mtu anayebonyeza swichi umeme umekatika, anabonyeza tena na tena kwa nguvu. Wengi wanakata tamaa siku ya tatu wanampa, na hapo mtoto amejifunza kwamba dawa ni kulia zaidi. Kwa hiyo kama hujajipanga kuvumilia siku hiyo, usianze siku hiyo, mpe mapema kabla hajalia na jaribu siku nyingine.

Akishazidiwa usifundishe, hasikii. Punguza maneno, zima redio, ondoa watu na vitu vigumu, weka mto au mkono wako kati ya kichwa na ukuta, kaa karibu subiri. Akitulia mpe maji. Somo kesho.

Usimchape. Nasema hili nikijua tunakoishi na tulivyolelewa. Fimbo haimfundishi neno la kusema, inamfundisha kukuogopa, na wengine wanaanza kupiga wadogo zao vilevile. Na wale waliofikia kumfunga mtoto kamba ili waende sokoni, siwahukumu, nawajua, ni mama aliye peke yake asiye na mtu wa kumwachia. Lakini kamba inaumiza na moto ukitokea hakimbii. Anza na komeo na mtu mmoja wa kukupokea masaa mawili, dada, shangazi, jirani wa kanisani au msikitini, muombe kwa kutaja siku na saa.

Nyumba nzima iongee lugha moja

Bibi akitoa ndizi kwa kelele na wewe unataka kadi, mtoto atafuata bibi, hata mimi ningemfuata bibi. Tuliandika sheria tatu tu tukabandika nyuma ya mlango wa jiko, na dada wa kazi alipobadilika wa mpya alianza kwa kusoma hizo. Baba asiwe mgeni, mpe kipande chake. Wetu alichukua zamu ya kuoga na ya kurusha juu. Na dada yake mkubwa, ana miaka 11, mwalimu mzuri kuliko sisi wote, ila tumemwekea Jumamosi asubuhi yake peke yake na mimi, kwa sababu nilisikia anamwambia rafiki yake "kwetu mtoto ni mmoja tu".

Ziwa

Hili kwa sisi wa pwani ya ziwa lisisubiri hatua nyingine zikamilike, fanya leo. Watoto wengi wenye usonji wanaondoka nyumbani kimyakimya na wengi wanavutwa na maji, na kule Marekani wanakofuatilia takwimu kuzama ni moja ya sababu kubwa zinazowaua wakipotea. Wangu alitoka akiwa na miaka 5 wakati naanua nguo, akakutwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, maji yamefika magotini, kijana wa mitumbwi ndo alimshika.

Tulichofanya baada ya hapo: komeo juu kabisa ya mlango, makopo mawili yenye mawe madogo yananing'inia getini yanapiga kelele likifunguliwa. Namba ya simu imeandikwa kwa wino usiofutika ndani ya kila shati. Nilienda mwaloni na mtoto mwenyewe, nikawaonyesha wavuvi na akina mama wa dagaa, nikasema huyu hajibu akiitwa, mkimuona peke yake mshikeni mkono mnipigie. Ndoo na mapipa yafunikwe au yageuzwe. Na makubaliano ya mtaa: akikosekana, watu wanakimbilia MAJINI KWANZA, vichochoro badae, maana maji hayasubiri.

Alafu kila siku tunacheza "simama". Tunatembea, nasema simama, mimi nasimama, akisimama kifuniko cha soda. Kwanza ndani, kisha uani, kisha njiani, mwisho ufukweni nimemshika mkono. Na akipanda mtumbwi wowote au kivuko ana laifu jaketi mwilini, imefungwa.

Vitu vya kuviacha

Kupunga mikono akifurahi, kuzunguka, kupanga vifuniko mstari, muache. Havimuumizi yeye wala mwingine, vinamtuliza. Usimshike kidevu eti akutazame machoni, anaweza kukusikia vizuri zaidi akiwa hakutazami. Na yeyote anayekuuzia dawa ya kuondoa usonji, ya kunywa au ya kuingiza nyuma, mkimbie, hamna dawa hiyo, na baadhi ni kemikali za kusafishia zinazochoma utumbo.

Kutoka nje ya geti

Kitu alichokiweza sebuleni hatakiweza dukani mpaka ukifundishe tena dukani. Kadi ya ndizi tuliipeleka genge la jirani. Siku moja kabla nilienda mwenyewe nikamwelekeza mama wa genge, nikamwachia hela ya ndizi tatu, nikamwomba akipewa kadi atoe ndizi haraka na asimuulize jina wala asimshike shavu. Nenda asubuhi saa 4 watu wakiwa wachache, jioni kuna boda na spika za baa na mtoto atazidiwa kabla hajafika. Kaa nyuma yake, mikono yako iwe tayari, mdomo wako uwe kimya. Ndizi akishapata rudini nyumbani, usiunganishe na safari ya sokoni.